Kinga ya rangi ya gari: Pima kwanza, ndipo ulipe

Na Mwandishi Wetu, Songea

MNUNUZI wa gari lililotumika mjini Songea hutazama vitu viwili kabla hajaomba ufunguo: boneti na paa. Akikuta rangi imepauka au imeanza kubanduka, hupunguza bei papo hapo, hata kama injini haina kasoro. Kwa mfanyabiashara ambaye gari ndilo mtaji wake, na pengine ndilo dhamana ya mkopo wake, rangi ni mali kama ilivyo shehena iliyomo ghalani.

Ndiyo maana biashara ya kinga za rangi imekuwa ikipanuka, kuanzia kopo la nta linalouzwa katika maduka ya vipuri hadi huduma ya seramiki inayotolewa kwenye miji mikubwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Lakini kinga zote hizo zina jambo moja linalofanana. Zinaliwa na jua, vumbi na maji, na siku moja zinakwisha. Mwenye gari asiyejua siku hiyo hupata hasara ya aina mojawapo kati ya mbili: ama analipia kinga mpya ilhali ya zamani ingali hai, ama anaendelea kutembea bila kinga huku akidhani anayo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua siku hiyo kwa ndoo ya maji na kitambaa, bila ya kumtegemea muuzaji wa kinga akuamulie.

Kinacholindwa ni chembamba

Magari mengi yanayofika Songea ni yale yaliyokwisha kutumika Japan, yakateremshwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa kiasi cha kilomita 950 kupitia Iringa, Makambako na Njombe. Rangi yake huwa na matabaka kadhaa juu ya bati: praima inayoshika bati, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi wetu huliita klia. Klia ndiyo inayotoa mng'ao, na ndani yake mna viini vya kuzuia mionzi ya jua isiichome rangi iliyo chini.

Unene wa klia ya kiwandani kwa kawaida ni kati ya mikroni 35 na 50. Mikroni 1 ni sehemu ya 1,000 ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa maneno mengine, mali yote inayozungumzwa hapa ni nyembamba kuliko unywele.

Kila mara fundi anapokata rangi kwa kampaundi ili kuondoa mikwaruzo, anaondoa mikroni kadhaa za klia ambazo hazirudi tena. Gari lililokuwa na miaka 10 lilipotoka Japan huenda limekwisha kukatwa mara mbili au tatu kabla halijaonwa na mnunuzi wa hapa. Kazi ya kinga ni kuliwa badala ya klia. Nta iliyokwisha hupakwa upya, lakini klia iliyokwisha haina dawa ila kupiga rangi upya.

Mazingira ya Songea

Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Nguvu ya mionzi ya jua inayoharibu rangi huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo hali ya hewa ya ubaridi isimdanganye mtu. Aidha, kutokana na mahali mji ulipo kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari. Februari huwa na mawingu ya masika. Oktoba ni kiangazi, anga ni jeupe, na ndipo paa na boneti huumia zaidi.

Vumbi ni adui wa pili. Barabara kuu za kwenda Njombe, Mbinga na Tunduru zina lami, lakini anayefuata mahindi au kahawa shambani bado hupita njia za udongo mwekundu. Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi hilo ni ngumu kuliko klia. Kwa wanaopishana na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, wilayani Mbinga, vumbi jeusi nalo huongezeka.

Adui wa tatu ni mizigo yenyewe. Pikapu inayobeba mbolea msimu wa kupandia hubaki na chembechembe za chumvi kwenye kingo za bodi. Chumvi hiyo huvuta unyevu, hula kinga, kisha huanza kula bati mahali rangi ilipochubuka. Majivu ya mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, yakilowa umande, huwa na ukali wa magadi. Utomvu wa mwembe na kinyesi cha ndege vikikaukia juani vinaweza kutoboa nta na kuacha doa kwenye klia kwa muda mfupi. Anayeegesha chini ya mwembe ili apate kivuli anabadilisha tatizo moja kwa jingine.

Aina za kinga sokoni

Ya kwanza ni nta. Nta bora za magari hutengenezwa kwa nta ya karnauba, inayotokana na majani ya aina ya mnazi-mwitu unaoota kaskazini mashariki ya Brazil. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki, ambayo mikoa yetu ya misitu inayo, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Boneti ya rangi nyeusi iliyoachwa juani mchana inaweza kufikia nyuzi 70 au zaidi, na ndiyo sababu nta ya nyuki peke yake haidumu juu ya gari. Nta ya karnauba nayo, kwa gari linalolala nje na kufanya kazi kila siku, huishi wiki 4 hadi 8 tu.

Ya pili ni silanti, yaani kinga ya maji maji inayotengenezwa viwandani kwa kemikali za jamii ya plastiki. Hupakwa kama nta lakini huvumilia joto na sabuni zaidi, na kwa kawaida hudumu miezi 3 hadi 6.

Ya tatu ni seramiki. Hii ni dawa yenye asili ya silika ambayo ikikauka hushikana na klia na kuwa ngumu. Ikipakwa vizuri inaweza kudumu mwaka 1 hadi 3, na nyingine zaidi. Haizuii kokoto isichubue rangi, wala haifanyi gari lisihitaji kuoshwa. Maandishi ya "9H" yanayoonekana kwenye chupa nyingi yanahusu kipimo cha ugumu wa penseli, ambapo 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho. Hayana maana kwamba gari limevikwa jiwe lisilokwaruzika.

Muda uliotajwa hapa ni wa kukadiria. Gari la ofisini linaloegeshwa bandani na pikapu ya mahindi haviwezi kumaliza kopo moja kwa kalenda moja. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kopo itumike kama ukumbusho wa kupima, isitumike kama amri ya kulipa.

Jinsi ya kupima

Hatua ya kwanza ni kuosha gari vizuri. Watu wengi hukosea hapa. Humwaga maji juu ya gari lenye uchafu, wakaona yanatambaa, wakahukumu kuwa kinga imekufa. Tabaka la vumbi laini, moshi wa dizeli na mafuta ya barabarani huweza kuifunika kinga iliyo hai hata isionekane ikifanya kazi. Gari likioshwa kwa shampuu ya magari na kusuuzwa sawasawa, kinga hiyo huonekana tena bila gharama ya ziada.

Hatua ya pili ni kumwaga maji safi, kidogo kidogo, juu ya paa, boneti, milango na buti. Kinga iliyo hai huyafanya maji yakusanyike kuwa matone ya duara yaliyosimama, na gari likisogezwa matone hayo huteleza na kuanguka. Kinga iliyochoka huyaacha maji yatandae kama shuka na kung'ang'ania. Dalili nyingine ni gari kuchelewa kukauka kuliko zamani, vumbi kushikilia hata baada ya kumwagiwa maji, na kitambaa kukwama kinapopitishwa badala ya kuteleza.

Hatua ya tatu ni kwa yule ambaye bado ana shaka. Chagua sehemu ndogo ya boneti, ukubwa wa kiganja, uipake nta mpya na kuifuta kama kopo linavyoelekeza. Kisha mwaga maji juu ya sehemu hiyo na pembeni yake. Iwapo maji yanafanya matone yanayolingana pande zote mbili, kinga ya zamani ingali kazini na kopo lirudi kabatini. Iwapo kiganja kinafanya matone na pembeni maji yanatandaa, kinga imekwisha. Jaribio hili hugharimu nta ya kijiko kimoja na humaliza ubishi kati ya mwenye gari na mwoshaji.

Matone peke yake yasichukuliwe kuwa cheti. Yapo mafuta ya kung'arisha ambayo hufanya maji yaruke kwa siku chache bila ya kulinda chochote, na baada ya hapo huvuta vumbi. Vilevile kinga ya seramiki inaweza kupunguza matone mapema, ilhali bado imeshikamana na klia. Kinachotafutwa ni mwenendo wa wiki kadhaa, si tukio la asubuhi moja.

Kinga haifi mahali pote kwa pamoja

Paa na boneti hupigwa na jua moja kwa moja, na boneti hupata pia joto la injini. Sehemu za chini ya milango na nyuma ya magurudumu hupigwa na tope na mchanga. Kati ya sehemu hizo, yaani nusu ya juu ya milango na mabawa, kinga huweza kuishi hata mara mbili zaidi.

Hata hivyo, waoshaji wengi huuza huduma ya gari zima, na mwenye gari hulipia gari zima. Anayepima kila sehemu peke yake atagundua kwamba mara nyingi anachohitaji ni kupaka paa na boneti tu.

Iko pia hali ambayo kinga yoyote haitasaidia. Ukiona mabaka meupe kwenye paa, pitisha ukucha kwenye mpaka wa baka. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, klia imeanza kubanduka, na nta itakayopakwa hapo ni fedha iliyotupwa. Huyo ni mgonjwa wa fundi rangi. Ikiwa hakuna ukingo, bali rangi imefifia na kitambaa kinatoka na unga, ngozi ya juu ndiyo iliyochomeka, na polishi nyepesi ikifuatiwa na nta inaweza kuirudisha. Baadhi ya pikapu na malori ya zamani hayakupigwa klia tangu kiwandani. Kwa magari hayo kitambaa hutoka na rangi yenyewe, hivyo fundi asiyakate mara kwa mara.

Makosa yanayofupisha maisha ya kinga

Kosa la kwanza ni kupangusa vumbi likiwa kavu. Dereva anayepitisha kitambaa kikavu juu ya boneti kila asubuhi ili gari ling'ae anatumia mchanga kama msasa. Vumbi liondolewe kwanza kwa maji mengi, ndipo kitambaa kiguse.

La pili ni sabuni ya unga ya kufulia. Ukali wake umekusudiwa kutoa mafuta kwenye nguo, na nta ni jamii ya mafuta. Mwenye gari analipia nta Jumamosi, kisha wiki zinazofuata anaiondoa mwenyewe kwa sabuni. Shampuu ya magari ni ghali kidogo kwa chupa, lakini kifuniko kimoja au viwili hutosha ndoo nzima.

La tatu ni kufuta bodi kwa mafuta ya taa au dizeli ili ionekane nyeusi na yenye kung'aa. Mafuta hayo huyeyusha nta. Mng'ao wake hudumu hadi vumbi la kwanza.

La nne ni ndoo moja na kitambaa kimoja kwa gari zima, kuanzia magurudumu hadi paa. Inafaa kuwa na ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa, kuanzia juu kushuka chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake. Kazi ifanyike kivulini, bodi ikiwa imepoa, na maji yafutwe kabla hayajakauka, hasa yale ya visima vyenye chumvichumvi, kwa kuwa madoa ya chumvi hung'ang'ania hata kwenye seramiki.

Hesabu ya mfanyabiashara

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake, njia ni ile ile.

Chukulia kopo la nta ni Sh. 24,000 na linatosha gari zima mara 8. Kila upakaji ni nta ya Sh. 3,000, na tuseme ufundi na kuosha ni Sh. 12,000, jumla Sh. 15,000. Anayepaka gari zima kila baada ya miezi miwili hutumia Sh. 90,000 kwa mwaka.

Anayepima akapaka gari zima mara 2, na mara 4 akapaka paa na boneti tu kwa nusu ya gharama, hutumia Sh. 60,000. Tofauti ni Sh. 30,000 kwa gari moja. Mwenye Hiace tano anaokoa Sh. 150,000 kwa mwaka bila kupunguza ulinzi wowote.

Upande wa pili, chukulia kupiga rangi upya paa na boneti ni Sh. 450,000. Hiyo ni sawa na nta ya miaka saba na nusu kwa yule anayepima. Anayesema nta ni anasa na afanye hesabu hiyo kwanza.

Seramiki ya Sh. 600,000 ikidumu miaka 3 ni Sh. 200,000 kwa mwaka. Ikidumu mwaka mmoja na nusu kutokana na kuoshwa vibaya ni Sh. 400,000 kwa mwaka. Kwa Canter ya mahindi au pikapu ya mbolea, ambayo bodi yake hukwaruzwa na magunia, hesabu hiyo haikubali. Kwa gari la familia linalotunzwa bandani na litakalouzwa baadaye kwa bei nzuri, inaweza kukubali. Anayenunua huduma hiyo Dar es Salaam asome masharti ya dhamana kabla ya kulipa. Baadhi ya dhamana hudai gari lirudishwe kwa ukaguzi kila mwaka, na safari ya kilomita 950 kwenda na nyingine 950 kurudi ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye risiti.

Kwa mwekezaji mdogo

Kituo cha kuoshea magari kinaweza kuanza kwa mtaji wa wastani, na ushindani wake kwa kawaida ni wa bei ya kuosha tu. Atakayeongeza huduma ya kupima kinga mbele ya mteja, kwa maji na kiganja cha nta, atakuwa na kitu ambacho jirani yake hana. Kumwambia mteja kwamba leo hahitaji nta ni kupoteza Sh. 15,000 za siku moja na kumpata mteja wa mwaka mzima, atakayekuamini siku utakapomwambia kuwa sasa anahitaji.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: shampuu ya magari, ndoo mbili kwa kila mwoshaji, vitambaa laini vya maikrofaiba, kivuli na nta nzuri. Seramiki ingoje hadi kituo kiwe na chumba kilichofungwa, kwa kuwa vumbi likitua kabla dawa haijakauka hukauka nalo, na kuliondoa ni kukata klia ya mteja.

Ratiba na daftari

Kwa mazingira ya Songea, vipimo vitatu kwa mwaka ndiyo kiwango cha chini. Cha kwanza kifanyike Mei, mvua zinapokuwa zimekwisha, ili kuondoa tope na chumvi ya mbolea na kuona kilichosalia. Cha pili kifanyike Septemba, kabla ya jua kali la Oktoba, mkazo ukiwa juu ya paa na boneti. Cha tatu kifanyike Novemba, kabla ya mvua na kabla ya msimu wa kubeba mbolea, mkazo ukiwa juu ya sehemu za chini na kingo za bodi. Magari yanayofanya kazi kila siku kwenye njia za udongo yapimwe kila mwezi, siku ya kubadilisha oili ikiwa ni ukumbusho mzuri.

Matokeo yaandikwe: tarehe, kilomita, kinga iliyopakwa, sehemu zilizopakwa na maji yalivyotenda. Baada ya mwaka mmoja mwenye gari atajua kwa hakika kinga yake huishi wiki ngapi kwenye barabara zake, na hatahitaji kuamini kopo wala muuzaji. Siku ya kuuza gari, daftari hilo likiwekwa mezani pamoja na kadi ya gari, mnunuzi aliyezoea kupunguza bei kwa kutazama boneti atakuwa na kazi ya kutafuta sababu nyingine. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.